Mguu wa kushoto tu umevimba, na haifanani na matende: tunaanzia wapi?

Tabibu_Pate

Assalaam alaykum wataalamu.

Huku visiwani mguu ukivimba jina lake ni matende. Usipokuwa matende, mtu huambiwa amekanyaga kitu. Kati ya hayo mawili wapo wagonjwa ambao tatizo lao ni la vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), na wanafika kwetu wakiwa wamechelewa. Naomba tujadiliane kwa mfano huu.

Mwanamke wa miaka 29, ana wiki tano tangu ajifungue, bado yumo ndani ya arubaini, ananyonyesha. Kilo 62. Mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani hadi unyayoni, una siku nne. Wa kulia haujambo. Hana homa, presha 118/74, hapumui kwa shida. Amechuliwa mara mbili kwa mafuta ya nazi ya moto, maumivu yakazidi. Kipimo cha kipande cha matende (FTS) hakikutoa mstari. Anasema tangu usichana mguu huo huwa mzito ikifika jioni, na mimba ya kwanza ulivimba kidogo ukapungua wenyewe.

Ninayouliza:

1. Kwa mkono na utepe wa fundi cherehani tu, nitatenganishaje matende na vena?
2. Kwa nini ni kushoto? Nimesoma kwamba yapo maradhi adimu ya vena yanayopenda upande huo. Mpiga picha nimwandikie nini ili asiishie kutazama goti na kinena?
3. Dawa gani aanze kabla ya boti ya kumpeleka hospitali, na kwa kipimo gani?
4. Bendeji na soksi za kubana, lini ndiyo na lini hapana?

Nina swali jingine la mtoto, nitalileta baadaye.

---

Vena_na_Ateri

Wa alaykum salaam, tabibu. Huyo mchukulie kuwa ana damu iliyoganda kwenye vena kubwa za paja na nyonga, mpaka picha iseme vingine. Mkandaji aache leo hii. Kuuchua mguu wenye donge kunaweza kulimega, kipande kikapanda na damu hadi mapafuni. Kukandwa mgongo kwa maji moto sina ugomvi nako. Mguu huo tu usiguswe.

Matende hayaji kwa siku nne. Huja kwa miaka: homa na baridi, mtoki kinenani, wekundu unaoshuka kutoka kinenani kuelekea chini, wiki moja umepona, miezi kadhaa umerudi. Kila ukirudi mguu hubaki mnene kidogo kuliko ulivyokuwa. Jaribu kuifinya ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Ikigoma kabisa kuinuka, limfu imeharibika. Ikifinyika kama ya mguu wa pili, bado huna ushahidi wa matende, ingawa yakiwa machanga huweza kufinyika. Tazama pia mgongo wa unyayo: kwenye matende huwa na nundu kama mto mdogo, kwenye vena huvimba zaidi shavu la mguu na paja.

Kipimo cha FTS hunasa alama za mnyoo aliye hai. Mguu wa matende wa miaka ishirini mara nyingi hautoi mstari kwa sababu minyoo ilishakufa, na watu wengi wamekwisha kumeza dawa za kampeni (Lamu na Mombasa zilianza kupewa dawa tatu kwa pamoja mwaka 2018). Kwa hiyo kukosa mstari hakufuti matende, na mstari ukiwepo haufuti donge. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Darubini nayo inataka damu ya usiku, saa 4 hadi saa 8, kwa hiyo ile ya asubuhi haina maana.

Sasa utepe. Tafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10 juu ya muundi, weka alama kwa kalamu, zungushia utepe. Fanya hivyo miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sm 3 ni alama 1 kwenye hesabu ya Wells (alama za kukadiria kama kuna donge). Mguu mzima kuvimba ni alama 1. Kubonyea kwa kidole upande mmoja tu, 1. Maumivu ukifuata njia ya vena za ndani, 1. Vishipa vya juu vilivyojitokeza ambavyo si vya zamani, 1. Kulazwa kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, 1 (arubaini ya kulala tu ndani unaweza kuihesabu hapa). Saratani inayotibiwa, mguu uliopooza au wenye plasta, donge la zamani: kila moja 1. Ukiona kuna maelezo mengine yenye nguvu sawa, toa 2. Kuanzia 2 kwenda juu ni "yaelekea donge". Huyo wako anafika 3 bila kusaidiwa. Usihangaike na D-daimeri (kipimo cha damu cha mabaki ya donge): baada ya kujifungua huwa juu kwa wiki kadhaa, na kwa mwenye alama nyingi jibu zuri halimtoi hatarini.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Mvue nguo mpaka kitovuni, kwa heshima na mbele ya nesi mwanamke, utazame juu ya mfupa wa kinena. Ukiona vena zimejitokeza zikivuka kutoka kushoto kwenda kulia, hiyo ni damu inayotafuta njia ya pembeni kwa sababu barabara ya nyonga imezibwa. Ishara hiyo peke yake inanitosha kuandika rufaa.

Rangi kwa ngozi yetu hudanganya. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto, na tazama nyayo na kucha. Mama wa arubaini akiwa amepakwa hina au piko, kucha haitakuambia kitu. Tazama ngozi ya pembeni mwa kisigino.

Kwa nini kushoto? Ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya nyonga ya kulia hupita juu ya vena ya nyonga ya kushoto, na nyuma ya vena hiyo pana pingili ya tano ya kiuno. Vena imekaa katikati, mfano wa bomba la maji lililolaliwa na gogo juu ya jiwe. Kila pigo la moyo linaisugua, na kwa miaka ndani yake huota utando wa nyuzi. Virchow alishaona mwaka 1851 kwamba mguu wa kushoto huganda damu zaidi. Mwaka 1957 May na Thurner walipasua maiti 430 wakakuta utando huo kwa asilimia 22. Ndiyo sababu inaitwa sindromu ya May-Thurner. Mwanamke wa miaka 20 hadi 50, uzazi, mguu mzito jioni tangu ujana: ndivyo mgonjwa huyu anavyosomeka.

Nionye mapema lakini. Watu wazima wasio na dalili yoyote, takriban mmoja kati ya wanne, vena hiyo imebanwa zaidi ya nusu. Picha ya kubanwa bila dalili si ugonjwa, na asije mtu akamuuzia stenti (kibomba cha waya cha kushikilia mshipa wazi) mgonjwa asiyekuwa na haja nayo.

---

Picha_Malindi

Naongezea upande wa ultrasaundi, maana hapo ndipo rufaa nyingi huvunjika. Ukiandika "ultrasaundi ya mguu" utapata goti na kinena, na jibu litakuja "hakuna donge" huku donge limekaa nyonga. Andika hivi (Dopla ni ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu): "Dopla ya vena za mguu wa kushoto hadi vena kuu ya tumbo, linganisha wimbi la vena ya paja kushoto na kulia." Sentensi hiyo moja inabadilisha kazi yote.

Mguuni tunatumia kichwa bapa cha mashine, cha MHz 5 hadi 10. Kitanda kiinuliwe kidogo upande wa kichwa cha mgonjwa ili vena zijae. Tunabonyeza kila sm 2 kutoka kinenani hadi nyuma ya goti. Vena nzima hufumba kama mdomo, yenye donge haifumbi. Nyongani huwezi kubonyeza, kwa hiyo tunabadilisha kichwa, tunachukua cha mviringo cha MHz 2 hadi 5, na tunategemea rangi na wimbi. Mgonjwa aje bila kula kwa saa 6, la sivyo gesi ya tumboni inaficha kila kitu. Maji anywe.

Wimbi, yaani mchoro wa mwendo wa damu, ndilo siri. Vena ya paja yenye afya hupanda na kushuka na pumzi. Kulia linapanda na kushuka, kushoto limenyooka kama mstari: kuna kizuizi juu ya kinena, hata kama vena zote za mguu zinafumba vizuri. Kizuizi chenyewe kinaweza kuwa donge, May-Thurner, uvimbe wa kizazi, kibofu kilichojaa, au tezi zilizovimba. Kwa hiyo nafanya na nyonga. Kasi ya damu pahali palipobanwa ikiwa zaidi ya mara 2.5 ya kasi iliyo kabla yake, pamebanwa kweli. Wimbi zuri halimtoi mtu moja kwa moja, kwani njia za pembeni zikishakuwa kubwa huficha tatizo.

Picha ya kwanza ikiwa safi na alama za Wells ni 2 au zaidi, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Donge dogo la shavu la mguu huenda limepanda.

Kosa jingine, hili la picha za CT. Ili vena za nyonga zionekane, mashine isubiri dakika 2 hadi 3 baada ya dawa ya rangi kuingia, vinginevyo unapata ateri nzuri na vena tupu. Na mgonjwa asiwe amekauka. Aliyesafiri tangu alfajiri kwa boti na basi bila kunywa, vena zake hulala bapa, na msomaji huandika "May-Thurner" ya uongo. Nusu lita ya maji saa moja kabla, kama moyo na figo ni salama. Kreatinini (kipimo cha figo) ipimwe kwanza.

---

Famasia_Langoni

Swali la tatu. Picha isipopatikana ndani ya saa 4 na dalili ni nzito, dawa ianze kwanza, picha ifuate, kwa kawaida ndani ya saa 24. Kusi likivuma boti zinachelewa, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na sindano zahanati.

Enoksaparini (sindano ya kuzuia damu kuganda) mg 1 kwa kila kilo, kila saa 12, chini ya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu. Kilo 62 ni mg 60, saa 12 alfajiri na saa 12 jioni. Usitoe kile kiputo cha hewa kwenye sindano iliyojazwa kiwandani ikiwa unatumia dozi yote, maana kinasukuma dawa yote kuingia. Usisugue baadaye, utamtia michubuko mikubwa. Ikihifadhiwa isizidi nyuzi 25, na isigande: friji ya kawaida mbali na friza, si mkobani juani kwenye jahazi.

Kabla ya sindano uliza: damu ya uzazi bado inatoka nyingi? Ana vidonda vya tumbo? Amepasuliwa karibuni? Mshono wa uzazi umefunga? Chukua damu ya chembe sahani, hemoglobini na kreatinini, ila usimsubirishe hadi majibu yarudi. Figo dhaifu sana (usafishaji chini ya ml 30 kwa dakika) dozi ni mg 1 kwa kilo mara moja tu kwa siku.

Kwa anayenyonyesha enoksaparini na wafarini (kidonge cha kuzuia damu kuganda) hazina neno. Rivaroksabani, kidonge kingine cha kazi hiyo, asipewe maadamu ananyonyesha. Wengi wanakosea hapa kwa sababu ni kidonge rahisi kisichotaka kupimwa damu. Kwa asiyenyonyesha na asiye mjamzito ni mg 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha mg 20 mara moja, na lazima pamoja na chakula, maana tumbo tupu halifyonzi zaidi ya mg 10 vizuri. Wakati wa Ramadhani zile siku 21 za mwanzo zinagawanyika futari na daku, si vigumu.

Wafarini: mg 5 kwa siku, muda uleule, na sindano iendelee sambamba kwa angalau siku 5 hadi INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) iwe 2 au zaidi kwa saa 24. Usikatishe sindano siku ya tatu kwa sababu INR imefika 2.1, siku za mwanzo kipimo hupanda kabla ya kinga yenyewe kukamilika. Lengo ni 2 hadi 3. Kisamvu, mchicha na sukuma wiki ale, ila kiasi kilekile wiki hadi wiki. Dawa zinazoharibu hesabu: metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli zinapandisha, rifampisini ya kifua kikuu inashusha sana. Diklofenaki marufuku. Maumivu ni paracetamoli.

Muda: miezi 3 kwa uchache. Akionekana na May-Thurner au akatiwa stenti, daktari wa mishipa ndiye atakayeamua kuongeza. Uzazi wa mpango wenye estrojeni asitumie tena. Kitanzi cha shaba au kijiti cha mkononi vinafaa, sindano ya miezi mitatu si chaguo la kwanza. Mimba ijayo aseme siku ya kwanza ya kliniki. Wafarini haifai kwa mjamzito, atarudi kwenye sindano.

---

Tabibu_Pate

Shukrani nyingi, nimenakili yote. Nauliza mawili. Je, alale tu kitandani hadi donge liyeyuke? Na hiyo stenti anaiwekewa nani hasa, na lini?

---

Vena_na_Ateri

La, asilale. Akishaanza dawa na maumivu yakimruhusu, atembee ndani ya nyumba, toka chumbani hadi daka na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Shavu la mguu ni pampu. Likikaa kimya damu inasimama. Arubaini na iendelee kwa mila zake, sehemu ya kulala tu ndiyo iachwe. Akikaa, mguu uwe juu kuliko moyo, nusu saa mara 3 au 4 kwa siku. Usiku matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo yanatosha. Na kibao cha mbuzi akiepuke kwa sasa, kule kukunja nyonga na magoti saa nzima ukikuna nazi ni kuibana vena palepale.

Kuyeyusha donge kwa katheta (mrija mwembamba), dawa ikitiririka polepole ndani ya donge lenyewe kwa siku moja au mbili, ni kwa wachache: donge la nyonga na paja, chini ya siku 14, mtu kijana, hatari ya kuvuja damu ndogo. Uzazi wa karibuni huongeza hatari hiyo, kwa hiyo wiki tano ni mjadala wa daktari, si amri. Jaribio la ATTRACT la Marekani, lililochapishwa 2017 kwa wagonjwa 692, lilionyesha kwamba kwa ujumla kuyeyusha huko hakupunguzi mguu sugu (uvimbe na maumivu ya kudumu) baada ya donge: asilimia 47 ya walioyeyushwa dhidi ya 48 ya wasioyeyushwa. Waliokuwa na donge la nyonga ukali wake ulipungua. Kwa hiyo si kila mtu hufanyiwa.

Isipokuwa hali moja. Mguu mzima umekaza kama ngoma, umekuwa wa buluu-kijivu, maumivu hayavumiliki, mapigo ya unyayo yanapotea. Hapo damu haitoki tena mguuni na nyama itakufa kwa saa chache. Inua mguu, sindano mara moja, boti ya wagonjwa usiku huohuo. Usifunge bendeji.

Stenti ya vena si ile ya moyo. Kwenye vena ya nyonga inatakiwa upana wa mm 14 hadi 16. Ndogo ikichomoka husafiri na damu hadi moyoni, na hilo limewahi kuua. Kipimo cha kuamua ni ultrasaundi ya ndani ya mshipa, kijiti chenye kamera ya sauti kinachopita katikati ya vena: nafasi ikipungua zaidi ya nusu na mgonjwa ana dalili za kweli (donge, kidonda, maumivu ya kutembea yanayomwachisha kazi), inawekwa. Ikisogezwa juu mno inaziba mlango wa vena ya kulia, na miaka baadaye mguu wa kulia nao unavimba. Maumivu ya kiuno wiki mbili za mwanzo ni ya kawaida. Ukaguzi wa ultrasaundi ni ndani ya wiki mbili, kisha miezi 3, 6, 12. Aliyekatisha dawa bila kuambiwa ndiye anayerudi imeziba.

---

Nesi_Mkomani

Nami nijibu la nne, maana bendeji ndiyo inayoumiza wagonjwa kuliko dawa.

Kwanza ateri. Pima presha ya kifundo cha mguu kwa Dopla ndogo ya mkononi ya MHz 8, igawanye kwa ya mkono iliyo kubwa zaidi. Ikiwa 0.8 au zaidi, bana kawaida. Kati ya 0.5 na 0.8, kubana kwa nguvu kamili hapana, na hata kwa kidogo ni kwa uangalizi wa mtaalamu. Chini ya 0.5 usibane kabisa. Mwenye kisukari wa muda mrefu namba inaweza kusoma 1.4 kwa uongo kwa sababu ateri zimekakamaa, hapo usiiamini. Kugusa mapigo kwa kidole pekee hakutoshi mguu ukiwa umevimba.

Bendeji huanza kwenye shina la vidole, si kifundoni. Kisigino kiingie. Unyayo uwe pembe mraba na mguu wakati unafunga, la sivyo atakapokanyaga patakunjika na pamba itakata ngozi. Pamba kwanza juu ya muundi na mifupa ya kifundo. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita, mvuto uleule, uishie vidole viwili chini ya goti. Vidole vikiwa baridi, vya ganzi au vyeusi zaidi baada ya nusu saa, fungua bila kupiga simu kuuliza.

Soksi hupimwa asubuhi kabla hajashusha miguu. Mzunguko wa pahali pembamba juu ya kifundo, pahali panene pa shavu, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Ukipima jioni, utamnunulia soksi za mguu uliovimba na zitapwaya. Chini ya goti inatosha kwa wengi. Zile ndefu za pajani huku kwetu kwa joto la Februari hazivaliki, zinajikunja, na pale zinapojikunja zinakuwa kamba. Nguvu ni mmHg 20 hadi 30 kwa mwanzo. Soksi hazizuii mguu sugu baada ya donge, tulizitegemea hivyo zamani. Leo tunavalisha kwa kupunguza uvimbe na uzito, na asiyeona nafuu halazimishwi.

Kuvaa: glavu za mpira za kuoshea vyombo zinashika kitambaa bila kukichana. Mafuta ya nazi yapakwe usiku tu, yanakula mpira. Fua kwa maji baridi, anika kivulini. Juu ya dari juani zinakufa kwa mwezi. Kwa kawaida hudumu miezi 6.

Jambo dogo kando ya mada: miguu yote miwili ikivimba sawa, kabla ya kuwaza vena tazama kijikaratasi cha dawa za presha. Amlodipini mg 10 huvimbisha vifundo vya watu wengi, na Lasix haiondoi uvimbe huo, inamkausha mtu bure. Dozi ipunguzwe au ibadilishwe.

---

Tabibu_Pate

Maa shaa Allah, dada Nesi. Sasa swali la mtoto. Mvulana wa miaka 6, tangu azaliwe ana baka la zambarau iliyokolea ubavuni mwa paja la kulia hadi muundini. Vena nene kama kamba inapita nje ya paja. Mguu huo ni mrefu kuliko wa pili. Nyumbani wanasema mama yake akiwa na mimba alijishika mahali hapo wakati wa kupatwa kwa mwezi.

---

Vena_na_Ateri

Baka la rangi, vena za ajabu, mguu kukua kupita kiasi: hiyo ni Klippel-Trenaunay, iliyoelezwa na Wafaransa hao wawili mwaka 1900. Chanzo ni badiliko la jeni ya PIK3CA linalotokea tumboni baada ya mimba kutungwa, katika baadhi ya seli tu. Hakulirithi, na halikutokana na mama kujishika popote. Waambie hivyo waziwazi, mama asibebe lawama.

Weka kiganja juu ya paja na usikilize kwa stetoskopu. Mguu ukiwa wa moto, unatetema na una mvumo, kuna njia za mkato kati ya ateri na vena. Hiyo ni Parkes Weber, moyo unachoka nayo, na matibabu yake ni mengine kabisa. Ukiwa kimya na wa joto la kawaida, endelea na Klippel-Trenaunay.

Pima urefu kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kifundo cha ndani, kila miezi 6. Tofauti chini ya sm 2, soli ya ziada kwa fundi viatu inatosha. Ikizidi sm 2, daktari wa mifupa amwone mapema, kwa sababu upasuaji wa kusimamisha ukuaji wa mfupa una umri wake na ukipita umepita.

Ile kamba ya nje ya paja isikatwe wala kuchomwa kabla ya Dopla kuthibitisha kwamba vena za ndani zipo na zinapitisha damu. Baadhi ya watoto hawa vena za ndani hazikukua, na hiyo kamba mbaya ndiyo pekee inayorudisha damu ya mguu. Ukiitoa, umemvimbisha maisha.

D-daimeri kwake huwa juu siku zote kwa sababu damu inaganda na kuyeyuka ndani ya vena pana, kwa hiyo haisaidii kutafuta donge. Vijiwe vigumu vinavyouma chini ya ngozi vinatokana na hilo. Akipangiwa upasuaji wowote, hata wa meno mengi, daktari wa ganzi aambiwe mapema. Dawa ya sirolimusi hutumika kwa walio na maumivu na uvimbe mkubwa chini ya mtaalamu, na dawa ya alpelisibu ilikubaliwa Marekani mwaka 2022 kwa kundi hili la maradhi kuanzia umri wa miaka 2.

Kwa sasa: soksi ya kushonwa kwa kipimo chake (atakua, kwa hiyo ipimwe upya kila miezi 6), usafi wa ngozi, na asikatwe chale juu ya baka. Likitoka damu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 huku mguu umeinuliwa. Kahawa na majivu yasiwekwe.

---

Tabibu_Pate

Nimeelewa. Mama wa arubaini ameshapata sindano ya kwanza saa 12 jioni, boti ni alfajiri hadi Lamu. Akitakiwa kuendelea Malindi au Mombasa kwa basi, barua niiandikeje?

---

Picha_Malindi

Fupi, namba tupu. Mfano:

"Miaka 29, wiki 5 baada ya kujifungua, ananyonyesha, kg 62. Mguu wa kushoto wote, siku 4. Shavu sm 41 kushoto, sm 36 kulia, sm 10 chini ya kinundu cha goti. Wells 4. Vena juu ya kinena: zipo/hazipo. Mapigo ya unyayo: yapo. Kupumua mara 16, oksijeni 98%. Enoksaparini mg 60 saa 12 jioni, ifuatayo saa 12 alfajiri. Hakuna kutoka damu. Ombi: Dopla ya vena hadi vena kuu ya tumbo, wimbi la paja pande zote mbili. Swali: donge la nyonga, May-Thurner?"

Namba zibadilishe kwa ulizopima wewe. Sindano ya alfajiri apewe kabla hajapanda boti, na sindano mbili za akiba ziwe kwenye kikasha chenye barafu iliyofungwa kitambaa, isiguse sindano moja kwa moja. Kwenye basi akae upande wa ujia, achezeshe vifundo, na Witu na Garsen ashuke atembee. Akianza kubanwa kifua au kukohoa damu njiani, asisubiri kufika. Ashushwe kituo cha afya kilicho karibu.

---

Nesi_Mkomani

Na mtoto mchanga asiachwe nyumbani. Mama akikaa siku tatu wodini bila kunyonyesha, matiti yatajaa, atapata homa, na mtu atakuja kusema ni mtoki wa matende.